Wano, Chembe na Upote: Kipimo cha Mshale katika Msamiati wa Kiswahili

Neno mshale halijafa. Limo katika saa ya ukutani, ambako mishale huzunguka usiku na mchana. Limo katika alama za barabarani. Limo katika unajimu wa magazetini, ambako buruji iliyoitwa Kausi na wanafalaki wa pwani, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uta, siku hizi huitwa Mshale. Hata mwanafunzi wa sintaksia huuchora ubaoni kila anapoonyesha kwamba sentensi huandikwa upya kuwa kirai nomino na kirai kitenzi. Linalostahili kuangaliwa na wanaleksikografia ni kwamba katika matumizi yote hayo mshale umebaki kuwa ishara ya uelekeo tu. Hauna uzito, hauna urefu maalumu, wala haudai uta wa kuurusha.

Mhadhara huu unauhusu mshale mwingine, ule unaochongwa kwa mkono ili urushwe kwa uta wa mti. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba msamiati wa mshale huo ni mfumo wa vipimo. Wano hupimwa kwa mkono wa mpigaji na kwa nguvu ya uta. Chembe hupimwa kwa wano. Manyoya hupimwa kwa chembe. Hakuna sehemu yenye maana kamili peke yake. Kamusi zetu za Kiswahili, kwa sifa zake zote njema, zimezoea kumwambia msomaji kwamba podo ni mfuko wa mishale, chembe ni ncha ya mshale, na mshale ni kijiti chenye ncha kinachorushwa kwa upinde. Msomaji huzunguka duara hilo na kutoka bila kujua kwa nini mshale wa mtu mmoja haufai katika uta wa mwenzake.

Uta, upinde na ukoo wa -embe

Kiswahili kina majina mawili ya chombo kinachorusha mshale, nayo hayana umri mmoja. Uta ni neno la kale sana. Limeenea katika lugha nyingi za Kibantu kwa umbo hilohilo au linalokaribiana nalo: Kichewa na Kishona husema uta, Kikikuyu na Kikamba ũta, Kibemba ubuta. Umbo la Kibemba linaonyesha kiambishi cha kale bu-, na wingi wa Kiswahili, mata, unathibitisha kwamba neno hili lilikuwa la ngeli ya bu- yenye wingi wa ma-. Halikuwa mwenzi wa ukuta na kuta, wala uzi na nyuzi. Upinde, kwa upande wake, umeundwa kutokana na kitenzi pinda, na wingi wake ni pinde. Neno la kwanza hukitaja chombo. La pili hueleza kinachotokea chombo hicho kinapovutwa. Katika Kiswahili cha leo upinde umekaribia kuufukuza uta, na wanafunzi wengi hukutana na uta kwa mara ya kwanza katika mashairi ya kale.

Ncha ya chuma ya mshale huitwa chembe, na pia kigumba. Wengi hudhani kwamba chembe hili ndilo lile la chembe ya mchanga. Upatanisho wa kisarufi unakataa. Chembe ya mchanga huwa chembe za mchanga, ilhali chembe cha mshale huwa vyembe vya mishale. Hili la pili ni la ngeli ya ki-/vi-, na likivuliwa kiambishi chake hubaki -embe, shina lilelile lililomo katika jembe na wembe. Isimu linganishi hulirudisha shina hilo kwenye umbo la kale *-gembe. G hiyo ilidondoka katika Kiswahili kama ilivyodondoka katika kitenzi enda, ambacho kwa Kiganda bado ni genda.

Tazama basi kilichofanyika. Shina moja lenye maana ya kifaa chenye makali limevishwa viambishi vitatu, na kila kiambishi kimelipa kipimo chake: jembe ni kubwa, wembe ni mwembamba, chembe ni kidogo. Lugha imepima chuma kabla mhunzi hajakigonga. Si kila neno la ngeli hizi lina mantiki iliyo wazi namna hii, na mwanafunzi asije akaanza kupima kila nomino kwa rula. Lakini katika ukoo huu ushahidi unaonekana kwa macho. Huenda hata chembe cha moyo, yaani mahali mbavu zinapokutana chini ya kifua, kimepewa jina hilo kwa sababu mfupa wa hapo una umbo la ncha. Upatanisho wake ni wa ki-, si wa ya.

Sehemu nyingine zinafahamika zaidi au kidogo kulingana na mahali. Wano ni mti au mwanzi wa mshale, na neno hilo hutumika pia kwa mpini wa chusa cha wavuvi. Upote ni kamba ya uta. Podo, au ziaka, ni ala ya kubebea mishale. Kitenzi cha kuuweka mshale juu ya upote ni pachika, neno lenye maana ya kukitia kitu kati ya vitu viwili kikashikwa, kama mtu anavyopachika kisu mshipini. Kurusha mshale ukachoma ni kufuma. Msamiati huu ni mzuri na umehifadhiwa kamusini. Linalokosekana ni uhusiano kati ya neno na neno, na uhusiano huo hauwezi kuonekana bila kuifuata kazi yenyewe.

Wano na mkono wa mwenyewe

Kazi huanzia kwenye wano. Fundi huweza kutumia mwanzi, au kupasua ubao ulionyooka nyuzi na kuuchonga mviringo, au kutumia machipukizi yanayoota wima kutoka katika kisiki. Machipukizi hukatwa yakiwa manene kidogo kuliko yanavyotakiwa, hufungwa pamoja ili yashikane yasipinde, na kuachwa kivulini kwa majuma au miezi. Mti ukiharakishwa juani hupasuka. Ukitumiwa mbichi hunyooka leo na kupinda kesho. Baada ya kukauka huambuliwa, hupashwa moto pale penye kigosho, na kunyooshwa ukiwa bado na joto. Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huutia mti moto kisha huuma mahali palipopinda na kuurudisha kwa meno, wakifumba jicho moja na kuangalia urefu wote wa kijiti. Kazi hiyo haina haja ya kifaa kingine.

Urefu ndio unaofuata. Mshale hauna budi kuwa mrefu kidogo kuliko mvuto wa mpigaji, yaani umbali kutoka upote uliovutwa kikamilifu hadi mgongo wa uta. Ukiwa mfupi kuliko mvuto, chembe hurudi nyuma ya uta na kumwangukia mpigaji mkononi. Ajali hiyo ni mbaya na haihitaji kusimuliwa. Ukizidi mno, wano huwa zito na legevu bila faida. Njia moja ya zamani ya kukadiria ni kuuweka mwisho wa nyuma wa wano kifuani, kunyoosha mikono yote miwili mbele, na kuangalia kama wano limepita ncha za vidole. Njia nyingine ni kupima mikono iliyotandazwa, kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati, kisha kugawanya kwa 2.5. Mtu mwenye sentimita 170 hupata mvuto wa karibu sentimita 68, na wano lake hukatwa likiwa na sentimita chache zaidi.

Hapa vipimo vya pwani vinastahili kuletwa mezani. Wanda ni upana wa kidole. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Futuri ni shibiri fupi, inayoishia kidole cha shahada. Dhiraa, au mkono, ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na ina shibiri mbili. Ikipimwa kwa ngumi iliyofumbwa huitwa dhiraa konde. Pima ni mikono minne. Vitabu vya hesabu vya shule vimekuwa vikivitaja vipimo hivi kwa huruma, kama makosa ya watu wa kale yaliyosahihishwa na mita. Katika biashara ya nguo lawama hiyo ni ya haki, kwa kuwa mkono wa muuzaji waweza kuwa mfupi kuliko wa mnunuzi. Katika mshale hali inageuka. Wano la shibiri tatu na nyanda nne, likipimwa kwa mkono wa yule atakayelirusha, ni kipimo sahihi kuliko sentimita yoyote iliyosomwa kitabuni, kwa sababu kinachopimwa na kinachopimia ni mwili mmoja.

Majeshi hayakuweza kufuata njia hiyo. Meli ya Kiingereza Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982, ilikutwa na mishale zaidi ya 3,500. Hiyo ilikuwa mishale ya ghala, ya kugawiwa askari yeyote aliyesimama zamu. Mwindaji hana ghala. Podo lake ni lake, na aliyelirithi podo bila kurithi uta na urefu wa mikono amerithi kuni nzuri.

Kupinda kunakotakiwa

Jambo gumu kuliko yote katika kulinganisha mshale na uta ni kiasi cha kupinda kwa wano, na ndilo jambo ambalo Kiswahili sanifu hakina istilahi yake iliyokubalika.

Tatizo lenyewe ni hili. Uta wa mti uliochongwa kwa mkono kwa kawaida hauna nafasi iliyokatwa katikati ya kuupitisha mshale. Mshale hukaa ubavuni mwa mpini. Upote ukiwa umevutwa, mshale huelekea shabaha. Upote ukiachiwa na kurudi kwenye mstari wa katikati ya uta, unene wa mpini huusukuma mshale uelekee pembeni. Kwa hesabu ya kawaida kila mshale ungekosa. Lakini haukosi. Katika miaka ya 1930 mhandisi Mmarekani Clarence Hickman alipiga picha za kasi kubwa zilizoonyesha kinachotokea: wano hupinda kama nyoka, huuzunguka mpini bila kuugusa karibu wote, kisha hunyooka hewani na kushika njia iliyolengwa. Wano gumu mno halipindi vya kutosha. Kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia na kuuweka mshale upande wa kushoto wa uta, mshale wake hukimbilia kushoto. Wano legevu mno hupinda kupita kiasi na kukimbilia kulia. Mpigaji hujilaumu jicho, na jicho halina kosa.

Mafundi wa kisasa hupima jambo hili kwa njia rahisi. Wano hulazwa juu ya vigingi viwili vilivyoachana inchi 26, yaani sentimita 66, na katikati yake huning'inizwa uzito wa ratili 2, karibu gramu 907. Kisha hupimwa limeshuka kiasi gani. Inchi 26 zikigawanywa kwa mshuko huo, jibu ni nguvu ya uta unaofaa, kwa ratili. Wano lililoshuka nusu inchi hufaa uta wa ratili 52, karibu kilo 23.6. Kwa uta wa mti wenye mpini mpana, wengi huchagua wano laini kidogo kuliko jibu hilo, kwa kuwa lina mzunguko mkubwa zaidi wa kufanya.

Kinachowashangaza wanaoanza ni jinsi kisu kidogo kinavyoleta mabadiliko makubwa. Ugumu wa kijiti cha mviringo hufuata kipenyo chake kilichozidishwa chenyewe mara nne. Wano la milimita 9 likichongwa hadi milimita 8 hupoteza karibu asilimia 38 ya ugumu wake. Urefu nao huamua: mshuko hufuata urefu uliozidishwa mara tatu, hivyo kupunguza urefu wa sehemu inayopinda kutoka sentimita 80 hadi 75 hupunguza mshuko kwa karibu asilimia 18. Chembe kizito hulifanya wano lilelile litende kama lililo legevu zaidi, maana uzito wa mbele hukawia wakati nyuma imeshasukumwa. Ndiyo sababu fundi mzoefu hakati wano kwa urefu wa mwisho siku ya kwanza. Huanza na refu, hurusha, huangalia linaelekea wapi, kisha hupunguza kidogo kidogo. Na uta nao haubaki vilevile: mti hulegea kwa kutumiwa na kwa unyevu, na uta uliopimwa wakati wa kiangazi si ule wa masika.

Je, jambo hili liitweje kwa Kiswahili? Lugha ina kitenzi nyumbuka, yaani kupinda bila kuvunjika na kurudi, na fizikia ya shule imeunda kutokana nacho unyumbufu. Wanaisimu nao wamekichukua kitenzi hichohicho na kuunda mnyumbuliko wa vitenzi, kwa taswira ya mzizi unaopinda huku na huku bila kukatika. Pamoja na ujirani huo, mnyumbuko wa wano ungekuwa istilahi yenye uwazi: hutaja tendo, haidai ufafanuzi mrefu, na haigongani na unyumbufu, ambao ni sifa ya maada yoyote. Istilahi ya kukopa na kuitohoa ingewezekana, lakini ingeleta jina bila kuleta picha. Kwa upande wa matumizi ya kila siku, vitenzi kaza na legea vinatosha: wano limekaza, wano limelegea. Kamusi ikiviingiza katika maana hiyo haitakuwa imebuni kitu.

Uzito, manyoya na mkato

Sehemu zilizobaki ni rahisi zaidi. Mshale mwepesi mno ni hatari kwa uta wa mti, kwa kuwa nguvu isiyochukuliwa na mshale hurudi mtini na kuupasua, kama ilivyo kwa anayefyatua upote mtupu. Kanuni ya mafundi ni kwamba uta wa ratili 50 usirushe mshale ulio chini ya gramu 32 hivi. Mshale uliokamilika ukilazwa juu ya kidole hutakiwa kutulia mbele ya katikati, kwa asilimia 10 hadi 15 ya urefu wake. Kwa mshale wa sentimita 75 hiyo ni sentimita 7.5 hadi 11 kuelekea kwenye chembe.

Manyoya huivuta nyuma ya mshale ili ncha itangulie. Chembe kikiwa kipana, manyoya huongezwa urefu, la sivyo chembe ndicho kitakachoshika usukani. Nyoya la bawa lina mpindo wake wa asili, na manyoya ya bawa la kulia hayachanganywi na ya bawa la kushoto katika mshale mmoja. Yakiwa matatu, moja huelekezwa mbali na uta ili lisikwaruze mpini. Mkato wa nyuma, unaopokea upote, hukatwa kukingama nyuzi za mti. Ukifuata nyuzi, upote huligeuza wano kuwa vipande viwili. Chini yake hufungwa mshipa wa mnyama ulioloweshwa, ambao ukikauka hukaza wenyewe.

Wahadzabe, Waata na neno uchungu

Mifano miwili ya Afrika Mashariki inaonyesha jinsi kipimo kinavyobadilika uta unapobadilika. Nyuta za Wahadzabe ni ngumu, nyingi zikihitaji nguvu inayokaribia kilo 30 au kuizidi. Vyembe vyao hugongwa kwa nyundo bila kuyeyusha chuma, mara nyingi kutokana na misumari, na chuma chenyewe hupatikana kwa majirani, hasa Wadatoga. Kwa ndege na wanyama wadogo hawaharibu chuma. Mshale wa mti uliochongwa ncha hutosha.

Waata wa nyika ya Tsavo nchini Kenya, wazungumzaji wa lugha ya jamii ya Kioromo ambao pia waliitwa Waliangulu, walikuwa wawindaji wa tembo, na nyuta zao zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45. Kwa kanuni iliyotajwa juu, mshale wa uta kama huo hauwezi kushuka chini ya gramu 60 na kitu. Mtu akiupachika mshale wa Kihadzabe katika uta wa Kiwaata, wano lingelegea kabla halijauacha mpini. Waata walitia alama za mwenyewe kwenye mishale yao, ili ijulikane mnyama aliangushwa na nani. Katika kampeni ya kuzuia ujangili huko Tsavo mwaka 1956 na 1957, alama hizohizo ziliwasaidia askari wa wanyamapori kuwatambua wawindaji. Maandishi ya umiliki yaligeuka ushahidi wa mashtaka.

Kwa mishale ya sumu, kama ile ya Wakamba, kichwa hutengenezwa kikiwa sehemu ya peke yake inayochomekwa kwenye wano bila kukazwa. Mnyama akikimbia wano huanguka na kuokotwa, kichwa hubaki mwilini. Hapo ndipo methali ya pwani isemayo kwamba mshale kwenda msituni haukupotea inapopata uzito wa kifundi. Sehemu yenye sumu huzungushiwa ngozi laini ili isikauke. Kiswahili kina neno sumu, lenye asili ya Kiarabu, lakini katika nyika ya pwani sumu ya mishale ina jina la Kibantu: Wagiriama huiita utsungu, neno linalolingana na uchungu, na mti unaoitoa, wa jamii ya Acokanthera, huitwa kwa Kiswahili mchungu au msunguti. Anayelisoma uchungu katika maandishi ya kale kwa maana ya maumivu peke yake huenda akapitwa na mwindaji aliyejificha humo.

Neno jingine limesafiri mbali zaidi. Katika safari ya Livingstone ya Mto Zambezi, iliyoanza mwaka 1858, daktari John Kirk aliigundua nguvu ya sumu ya mishale ya huko baada ya mswaki wake kuguswa nayo mfukoni na mapigo ya moyo wake kupungua. Mmea huo ulipelekwa Uingereza ukiwa na jina lake la kienyeji, na hadi leo wanabotania huuita Strophanthus kombe. Dawa ya moyo ilitokana nao. Fundi aliyelitamka kombe kwanza hakuandikwa.

Liyongo na makoma

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wana sababu yao ya kuujua mshale. Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ambaye utendi wake ulitungwa na Muhammad Kijumwa mwanzoni mwa karne ya 20, ni bingwa wa uta. Katika kisa cha makoma, maadui wake wanakubaliana kwamba kila mtu aukwee mkoma kwa zamu kuchuma matunda, ili zamu ya Liyongo ikifika wamfume akiwa juu. Yeye hakwei. Huyaangusha makoma kwa mishale kutoka chini. Wahakiki wameieleza hila hiyo kwa upande wa werevu, na ni sawa. Kwa upande wa ufundi pana jambo zaidi: kupiga juu wima, dhidi ya tunda dogo lililoning'inia, ni mtihani wa mshale kabla ya kuwa mtihani wa jicho, kwa kuwa kila kosa la mnyumbuko huonekana. Wasikilizaji waliokuwa na uta nyumbani walielewa kwamba wanaambiwa habari ya mtu ambaye mishale yake imelingana.

Kifo chake nacho kinahusu kulingana huko. Amepiga goti kisimani, mshale umepachikwa, upote umevutwa, na mji mzima unaogopa kuteka maji kutoka kwa maiti. Hofu hiyo haieleweki kwa msomaji ambaye mshale kwake ni alama ya barabarani.

Kidahizo na mahakama

Tofauti kati ya kidahizo kinachotosha na kisichotosha si kubwa kwa wino. Wano laweza kuelezwa hivi: mti au mwanzi wa mshale, kutoka mkato wa upote hadi chembe, ambao urefu wake hufuata mvuto wa mpigaji na mnyumbuko wake hufuata nguvu ya uta. Ni mistari miwili. Chembe kipewe ngeli yake bila kuachiwa msomaji akisie, na kielekezwe kwa jembe na wembe. Pachika iwe na mfano wa mshale kabla ya mfano wa balbu.

Ugumu uko kwingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977, na nchini Tanzania uwindaji hudhibitiwa kwa sheria na vibali. Sababu za hatua hizo ni nzito na hazijadiliwi hapa. Aliyeona hesabu ya tembo wa Tsavo hawezi kuzibeza. Lakini matokeo yake kwa msamiati ni kwamba mtafiti anapofika kijijini na kuuliza jina la sehemu ya mshale, anamwuliza mzee jina la kitu ambacho kukikiri tu kwaweza kumtia mashakani. Jibu la busara ni kusema kwamba hayo yalikuwa mambo ya mababu. Hojaji hujazwa nafasi tupu, na nafasi tupu husomwa baadaye kama ushahidi kwamba neno halikuwako.

Njia ya kuliepuka hilo ni kuacha kuuliza juu ya uwindaji na kuuliza juu ya kazi ya mikono. Picha ya mshale ikionyeshwa, jibu litakuwa mshale, na mahojiano yatakuwa yamekwisha. Afadhali mtafiti apeleke mawano matatu yasiyo na chembe, moja nene, moja jembamba, moja lililopinda, pamoja na uta mmoja, kisha amwombe mwenyeji wake achague linalofaa, huku kinasasauti kikiwa wazi tangu mzee anapolishika la kwanza na kulikunja kwa vidole.